KUTOKA IKULU YA NYANZA HADI CHUO KIKUU: HISTORIA FUPI YA ELIMU YA MUZIKI NCHINI RWANDA

Utangulizi

Katika toleo hili tumeona vyema tutoke kidogo nje ya mipaka ya sarufi na fasihi, tuingie katika somo ambalo ni jirani yake wa karibu, yaani nadharia na utunzi wa muziki. Tunasema jirani wa karibu kwa sababu ushairi wetu wa Kiswahili tangu zamani ni wa kuimbwa. Istilahi tunazozitumia darasani kila siku, kama vile mizani, bahari na mahadhi, ni mali ya mshairi na mwimbaji kwa pamoja.

Nchi tuliyoichagua ni Rwanda, na macho yetu yataelekea zaidi Kigali, mji mkuu wake. Sababu zetu ni mbili. Kwanza, Rwanda ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, na mwaka 2017 ikakifanya Kiswahili kuwa miongoni mwa lugha zake rasmi. Kwa hiyo jirani huyu si wa kupungiwa mkono tu barabarani. Inafaa tujue anaimba nini na alijifunzia wapi. Pili, historia ya muziki wa Rwanda inauliza swali ambalo kila chuo kikuu katika kanda yetu kinapaswa kulijibu: ni nani tunayemwita msomi wa muziki? Kwa kawaida mwombaji anayetaka kusomea muziki huulizwa kwanza kama anajua kusoma nota. Akijibu hapana, huhesabiwa kuwa hajasoma. Katika makala haya tutajaribu kuonyesha kwamba jibu hilo ni la haraka mno.

Shule isiyokuwa na ubao

Kabla ya wageni kufika, Rwanda ilikuwa na mafunzo ya sanaa yaliyopangwa kwa utaratibu. Vijana waliochaguliwa walipelekwa katika itorero, ambako walifundishwa ngoma, kughani, ufasaha wa lugha na mbinu za kivita. Hao ndio walioitwa intore, maana yake wateule. Ngoma yao ingali hai, na mwezi Desemba mwaka 2024 Shirika la UNESCO liliiingiza katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika wa wanadamu.

Katika ikulu ya mfalme, hasa Nyanza, kulikuwa na mafundi wa fani mbalimbali. Walikuwapo abasizi, watunzi wa mashairi ya kuwasifu wafalme yaitwayo ibisigo. Mapokeo yanamtaja Nyirarumaga, mama mlezi wa mfalme Ruganzu Ndoli, kuwa ndiye aliyeuweka msingi wa utunzi huo. Walikuwapo pia wapigaji wa inanga, ala ya ubao uliochongwa kama karai refu, ambayo nyuzi zake kwa hakika ni uzi mmoja unaopitishwa mara nyingi kutoka ncha moja hadi nyingine. Na walikuwapo wapigaji wa ngoma za ikulu, ambazo hupigwa kwa kundi. Ngoma ndogo yenye sauti nyembamba, ishakwe, ndiyo inayoongoza na kuweka mwendo. Zile kubwa kama inyahura na igihumurizo huitikia kwa sauti nzito.

Tukitazama kwa makini tutaona kwamba hapa kuna nadharia kamili. Kuna majina ya sauti kulingana na kazi yake, kuna kanuni ya nani aanze na nani afuate, na kuna mtihani, kwa maana mwanafunzi aliyekosea mbele ya mfalme alijulikana papo hapo. Kilichokosekana ni karatasi tu. Elimu ilihifadhiwa vichwani na mikononi, ikarithishwa na baba kwa mwana, na bwana kwa mwanagenzi. Nguvu ya mfumo huo ni kwamba mwanafunzi hakutenganisha kusoma na kupiga. Udhaifu wake ni kwamba fundi akifa kabla ya kurithisha, darasa zima huzikwa pamoja naye. Udhaifu huu tutauona tena mbele, katika sura ya kuhuzunisha.

Seminari na ujio wa nota

Mwaka 1900 wamisionari wa shirika la White Fathers walianzisha misheni yao ya kwanza nchini Rwanda, huko Save. Baadaye seminari zilifunguliwa Kabgayi, na mwaka 1936 seminari kuu ikawekwa Nyakibanda. Mapadre wa kwanza wa Kinyarwanda, Balthazar Gafuku na Donat Reberaho, walipewa daraja mwaka 1917. Padre alipaswa kuimba misa kwa Kilatini, kwa hiyo seminari ndiyo ikawa mahali pa kwanza ambapo Mnyarwanda alikaa kwenye dawati akajifunza muziki wa kuandikwa: mistari ya nota, nyimbo za Kigregori, kinanda, na baadaye uimbaji wa sauti nne.

Hapa inatupasa kusimama kidogo, maana kuna jambo ambalo wanafunzi wengi wa Afrika Mashariki hawalifahamu, na ambalo huleta mkanganyiko mpaka leo. Wamisionari wa Rwanda walitoka katika mapokeo ya Kifaransa na Kibelgiji. Katika mapokeo hayo, yaitwayo solfeji, neno "do" ni jina la sauti moja isiyohama, ile ambayo Waingereza huiita C. Lakini Kenya, Uganda na Tanganyika zilipokea kwa kiasi kikubwa mfumo wa toniki solfa, uliosambazwa na mchungaji Mwingereza John Curwen (1816–1880). Katika mfumo huo "do" inahama: wimbo ukipandishwa, "do" nayo hupanda, kwa kuwa "do" si jina la sauti fulani bali ni jina la nyumba ambamo wimbo unakaa. Ndiyo maana kwaya nyingi za Kenya na Uganda husoma nyimbo zilizoandikwa kwa herufi d, r, m, f, bila mistari mitano.

Matokeo yake ni nini? Mwalimu aliyelelewa na solfeji na mwenzake aliyelelewa na toniki solfa wanaweza kusimama mbele ya kwaya moja, wote wawili wakasema "sol", na kila mmoja akawa na sauti yake kichwani. Hakuna aliyekosea. Kila mmoja amebeba historia ya mkoloni wake. Jumuiya yetu inapozungumzia kuwianisha mitaala ya vyuo, mambo madogo ya namna hii ndiyo yanayopaswa kuwekwa mezani mapema.

Lugha ikikutana na lahani

Seminari ilimpa Mnyarwanda nota, lakini haikumpa jibu la swali gumu zaidi: nota hizo zitabebaje lugha yake? Kinyarwanda ni lugha ya toni, na pia hutofautisha irabu fupi na irabu ndefu. Neno inda kwa toni moja ni tumbo, na kwa toni nyingine ni chawa. Kitenzi gusura, irabu yake ya kati ikivutwa, ni kumtembelea mtu. Ikikatwa fupi, ni jambo ambalo mgeni mwenye adabu hafanyi akishafika. Mtunzi anayechukua lahani ya Kiulaya na kuyatia maneno ya Kinyarwanda bila kujali urefu na toni anaweza kuwachekesha waumini pale alipotaka wasali.

Sisi wa Kiswahili tumepunguziwa mzigo huu, kwani lugha yetu haina toni za aina hiyo. Hata hivyo tunayo mkazo, ambao kwa kawaida hukaa katika silabi ya pili kutoka mwisho. Sote tunaifahamu tofauti ya barabara ya kupita magari na barabara yenye maana ya sawasawa. Mtunzi anayeweka pigo zito la wimbo kwenye silabi isiyo na mkazo huvunja neno, hata kama hamonia yake ni safi. Kwa hiyo somo la utunzi haliwezi kutenganishwa na somo la fonolojia, na idara kama yetu ina la kuchangia.

Aliyelitazama suala hili kwa upande wa ushairi ni Padre Alexis Kagame (1912–1981), mwanahistoria, mwanafalsafa na mshairi, aliyesoma Kabgayi na Nyakibanda na kisha Roma. Mwaka 1951 alichapisha utafiti wake juu ya ushairi wa wafalme wa Rwanda. Kagame alionyesha kwamba katika ushairi wa Kinyarwanda, hasa ule wa kuwasifu ng'ombe, mizani haihesabiwi kwa silabi tu kama tufanyavyo sisi, bali kwa mora: silabi fupi ni moja, silabi ndefu ni mbili. Baada yake André Coupez na Thomas Kamanzi waliendeleza kazi hiyo ya kukusanya na kuchambua fasihi ya ikulu. Ingawa hawa hawakuitwa wanamuziki, walichokiandika ni nadharia ya mdundo, na mtunzi wa nyimbo hana budi kuisoma.

Mwezi Desemba mwaka 1963 Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulitoa hati ya liturujia iliyofungua mlango kwa lugha za wenyeji na muziki wao. Mwaka huohuo Padre Stephen Mbunga wa Tanganyika alichapisha kitabu chake kuhusu sheria ya Kanisa na muziki wa Kibantu. Mwaka uliofuata oratorio ya Mganda Joseph Kyagambiddwa kuhusu Mashahidi wa Uganda iliimbwa Roma wakati wa kutangazwa kwao kuwa watakatifu. Kwa ghafla, elimu iliyokuwa ya padre peke yake ikahitajiwa na kila parokia.

Kigali: kwaya inakuwa chuo

Rwanda ilipata uhuru tarehe 1 Julai 1962, na Kigali, mji mdogo ulioanzishwa mwaka 1907, ukawa makao makuu. Wimbo wa taifa wa kwanza, Rwanda Rwacu, ulikuwa kazi ya Michel Habarurema na kwaya yake ya Abanyuramatwi. Jamhuri mpya ilihitaji makarani, walimu na maofisa, na wengi waliokuwa na elimu ya kutosha walikuwa wamepitia seminari bila kuwa mapadre. Walihamia Kigali na kalamu zao, na pia na solfeji yao.

Mwaka 1966 watu wa aina hiyo walianzisha Chorale de Kigali. Kwaya hii imeimba kazi za watunzi wakubwa wa Ulaya bega kwa bega na tungo za Wanyarwanda wenyewe, na tangu mwaka 2013 hufanya tamasha maarufu la nyimbo za Noeli. Tunaitaja kwa sababu katika mji ambao haukuwa na konsavatori, kwaya ya namna hii ndiyo iliyofanya kazi ya konsavatori. Hapo ndipo mtu alijifunza kusoma nota, kuandika sauti nne, kuongoza, na kusahihishwa. Mwalimu hakulipwa mshahara wa profesa, na mwanafunzi hakupewa shahada, lakini elimu ilikuwapo.

Na chuo kikuu je? Chuo Kikuu cha Taifa cha Rwanda kilifunguliwa Butare mwezi Novemba mwaka 1963 kikiwa na wanafunzi 51 na wahadhiri 16. Kilianza na tiba, sayansi za jamii na mafunzo ya ualimu. Uamuzi huo unaeleweka. Nchi changa ilihitaji daktari kabla ya mtunzi wa simfonia. Lakini jirani Makerere ilikuwa na idara ya muziki, ngoma na maigizo kuanzia mwaka 1971, na Kenya nayo ikaanza kufundisha muziki katika Chuo cha Kenyatta. Rwanda ilichukua njia nyingine, ile ya utafiti.

Cyprien Rugamba na hasara ya mwaka 1994

Njia hiyo ilikuwa na sura ya mtu mmoja zaidi ya wote, naye ni Cyprien Rugamba. Alizaliwa mwaka 1935, akapitia seminari, akasomea historia Ubelgiji, kisha akaiongoza taasisi ya taifa ya utafiti wa kisayansi iliyokuwa Butare. Alikuwa mshairi, mtunzi wa nyimbo na mbunifu wa ngoma. Mwaka 1976 aliunda kundi la Amasimbi n'Amakombe, ambamo matokeo ya utafiti hayakubaki kabatini bali yaliimbwa na kuchezwa jukwaani. Kama leo tungetafuta mfano wa profesa wa utunzi wa muziki katika Rwanda ya wakati ule, tungemtaja yeye, ijapokuwa hakukalia kiti chenye jina hilo.

Katika miaka hiyo wataalamu wa Makumbusho ya Tervuren huko Ubelgiji nao walirekodi na kuandika. Kitabu cha Jos Gansemans juu ya ala za muziki za Rwanda kilitoka mwaka 1988. Kwa hiyo mwishoni mwa miaka ya 1980 vipande vyote vilikuwapo: fundi wa kijijini, kwaya ya mjini, mtafiti wa taasisi na kanda za kumbukumbu. Kilichobaki ni kuviunganisha kuwa mtaala.

Havikuunganishwa. Tarehe 7 Aprili 1994, siku ya kwanza ya mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, Rugamba aliuawa nyumbani kwake Kigali pamoja na mkewe Daphrose na watoto wao sita. Kwaya zilipoteza waimbaji na watunzi, na wapigaji wa inanga na ngoma waliuawa pamoja na wale ambao wangerithi kutoka kwao. Tulisema hapo juu kwamba fundi akifa kabla ya kurithisha, darasa huzikwa naye. Kwa Rwanda maneno haya si methali. Ni hesabu ya siku mia moja.

Kuanza upya

Baada ya hapo elimu ya muziki ilianza upya kutoka pembe ambazo hazikutazamiwa. Wimbo mpya wa taifa, Rwanda Nziza, ulianza kutumika tarehe 1 Januari 2002. Maneno yake yalitungwa na Faustin Murigo akiwa katika gereza la Karubanda, Butare, na muziki wake na Jean-Bosco Hashakaimana wa jeshi. Mwaka 2004 Odile Gakire Katese, aliyekuwa akifanya kazi katika kituo cha sanaa cha Chuo Kikuu huko Butare, aliunda kundi la Ingoma Nshya. Lilikuwa kundi la wanawake wapiga ngoma, katika nchi ambayo mila ilimkataza mwanamke hata kuigusa ngoma. Wajane wa mauaji na wake za waliofungwa kwa mauaji walisimama mstari mmoja. Msomaji atakumbuka kwamba katika kundi la ngoma lazima kila mmoja amsikilize mwenzake, la sivyo ishakwe inaongoza watu wasiofuata. Kwa upande wa inanga, Sophie Nzayisenga, aliyefundishwa na baba yake Thomas Kirusu tangu utotoni, alionyesha kwamba urithi unaweza kupita kwa binti pia.

Njia ya seminari nayo haikufungwa. Kizito Mihigo (1981–2020) alianzia kwenye kinanda cha seminari ya Butare, akaenda kusoma muziki Paris, akarudi na mamia ya nyimbo za ibada na za maridhiano. Alifariki akiwa mahabusu Kigali mwezi Februari mwaka 2020, na tungo zake zingali zikiimbwa. Historia yake inaonyesha wazi kwamba kwa muda mrefu Mnyarwanda aliyetaka kusoma nadharia na utunzi kwa ngazi ya juu alilazimika kupanda ndege.

Mwaka 2014 serikali ilifungua shule ya muziki ya Nyundo, wilayani Rubavu, ambayo baadaye ilihamia Muhanga. Ni shule ya ufundi, si chuo kikuu, lakini ndiyo iliyotoa waimbaji na wapigaji wengi wanaosikika Kigali hivi leo. Na tangu mwaka 2013 taasisi za umma za elimu ya juu zimeunganishwa kuwa Chuo Kikuu cha Rwanda. Kwa maneno mengine, ngazi ya chini imejengwa na paa lipo. Kazi iliyobaki ni ngazi ya kati, ile inayomchukua kijana wa Nyundo au wa kwaya ya parokia na kumfikisha kwenye shahada ya utunzi bila kumlazimisha asahau alikotoka.

Kiswahili kina nafasi gani?

Wasomaji wetu watauliza, sisi tunaingiaje? Tunaingia kwa njia ya istilahi. Leo Mnyarwanda aliyesoma kwa Kifaransa, Mganda aliyesoma kwa Kiingereza na Mzanzibari aliyefundishwa udi na kanuni wakitaka kuzungumza nadharia ya muziki hawana lugha ya pamoja. Kiswahili kinaweza kuwa lugha hiyo, na hakianzi mikono mitupu. Tunayo sauti, nota, mapigo, mwendo, mahadhi, lahani, kiitikio na kibwagizo. Neno kanuni lenyewe ni funzo: katika taarabu ni ala ya nyuzi nyingi, na katika darasa ni sheria. Maana zote mbili zilitujia kwa njia ya Kiarabu kutoka neno moja la Kiyunani.

Aidha, tusikope majina tu. Baadhi ya nyimbo za ngoma za Rwanda huhesabika kwa mapigo matano, wakati vitabu vya kigeni huanza na mawili, matatu na manne, na kuyaweka matano mwishoni kama jambo gumu la wanafunzi wa mwaka wa tatu. Mtoto wa Rwanda huyapiga makofi hayo matano kabla hajajua kuandika jina lake. Kitabu cha nadharia kilichotungwa kwa Kiswahili kwa ajili ya kanda hii kingeweza kuanza na kile ambacho mwanafunzi tayari anacho.

Hitimisho

Tumeona kwamba elimu ya muziki Rwanda imepita mikononi mwa mafundi wa ikulu, mapadre, makarani wa Kigali, mtafiti mmoja mashuhuri, wanawake wa Butare na vijana wa Nyundo. Wote hao walisoma, ijapokuwa wachache walikuwa na cheti. Wahenga walisema, usiache mbachao kwa msala upitao. Hatusemi nota ziachwe. Bila maandishi, yaliyotokea mwaka 1994 yangefuta mengi zaidi. Tunasema tu kwamba vyuo vyetu vinapopanga mtihani wa kumpokea mwanafunzi wa muziki, swali la kwanza lisiwe "Unajua kusoma nota?" peke yake. Liwepo na la pili: "Unajua kupiga nini, na ni nani aliyekufundisha?" Jibu la swali hilo la pili liandikwe jina kwa jina, likahifadhiwe maktabani, maana huko ndiko orodha ya walimu wetu iliko.